Nusu ya Uzio Iliyo Mkono wa Kulia

Siku Delmar Hunsinger alipoambiwa kwamba amewasaliti wenzake, kitu cha mwisho alichokuwa ametia saini ni kadi ya rambirambi kwa mjane wa fundi wake wa trekta.

Alikuwa ameingia duka la pembejeo kuchukua chumvi ya ng'ombe. Ni duka la mbao lenye jiko la kuni katikati, na kila Ijumaa ya vuli huwa na wanaume wanne watano wamelizunguka jiko hilo wakisema uongo kuhusu kulungu waliowakosa. Delmar alipofungua mlango kengele ikalia, na uongo ukakatika. Mmoja akaanza kutazama viatu vyake. Mwingine akakumbuka kwamba ana kazi nje.

"Kwani kuna msiba mwingine?" Delmar akauliza.

Jeanette Kopko alikuwa kwenye kaunta na mfuko wa chakula cha paka. Jeanette huendesha basi la shule la kilima chetu cha Sorrel, na ndiye katibu wa umoja wa wenye ardhi. Ni mwanamke mfupi, lakini sauti yake imezoea kunyamazisha watoto hamsini bila yeye kugeuza shingo.

"Msiba upo," akasema. "Na marehemu ndiyo kwanza anaingia."

"Sema wazi, Jeanette."

"Niseme wazi mara ngapi? Umesaini, Delmar. Umekwenda peke yako ukasaini na Halden Ridge, na sisi umetuacha tunanyoosha mikono ukumbini kama mabwege."

Damu ikampanda Delmar mpaka masikioni. Ni mtu wa maneno machache. Ng'ombe wake wanaijua sauti yake kuliko majirani. Hasira ikimshika, hata hayo machache humkimbia.

"Nani kasema?"

"Burdett kasema."

"Burdett Tewksbury?"

"Unamjua mwingine? Wakala wa kampuni kamwambia yeye, yeye kamwambia kila mwenye masikio. Na Jumatatu saa nne asubuhi anatia saini na yeye. Anasema hataki kuwa mjinga wa mwisho. Burdett akisaini, sisi tumekwisha, unajua hilo."

"Sijasaini kitu."

"Basi ni ajabu," akasema mzee mmoja pale penye jiko bila kuinua uso, "maana wakala anajua mpaka mwaka wa hati ya baba yako."

Delmar aliiacha chumvi kwenye kaunta. Aliupiga mlango mpaka kengele ikaanguka chini, na alikuwa ameshafika kwenye pikapu yake ndipo alipokumbuka kwamba mtu aliyekasirika hivyo huonekana kama aliyefumaniwa.

Halden Ridge ni kampuni ya gesi. Ilifika kaskazini mwa Pennsylvania mwaka ule wa 2008, pamoja na kampuni nyingine nyingi, zikitafuta gesi iliyolala kwenye mwamba mbali sana chini ya malisho yetu. Kilima cha Sorrel kilikuwa kimejifunza kwa watu wa ng'ambo ya mto. Wale walisaini mmoja mmoja, kila mtu jikoni kwake, na kwa ekari moja walilipwa pesa ya kununulia pizza na soda. Baada ya mwaka mmoja visima vyao vitatu vilitoa maji ya rangi ya chai, na karatasi walizotia saini hazikuwa na neno hata moja kuhusu maji.

Kwa hiyo familia hamsini na tatu za Sorrel zilikutana kwenye ukumbi wa zimamoto zikaweka ahadi. Hakuna wa kusaini peke yake. Kampuni ije iongee na wote kwa pamoja, na sharti la kwanza kabla ya bei yoyote liwe hili: hakuna kuchimba karibu na kisima wala chemchemi ya mtu, na maji yakiharibika, kampuni iyarudishe kwa gharama yake. Nguvu ya umoja ilikuwa kitu kimoja tu. Kilima kizima kilikuwa kipande kimoja kisicho na tundu. Kampuni haiwezi kuchimba kuelekea huku na kule chini ya ardhi kama katikati kuna watu wamefunga mlango. Lakini ikipata tundu moja katikati, inakaa hapo, na wengine inawasubiri wachoke.

Na katikati ya kilima ndipo lilipo shamba la Burdett Tewksbury. Upande wake wa juu, unaopakana na Delmar, kuna ekari sitini ambazo zamani zilikuwa za akina Hunsinger. Humo ndimo inamotoka chemchemi inayoshuka kwa bomba mpaka zizini kwa Delmar. Ng'ombe arobaini na sita wa maziwa wanakunywa maji hayo. Delmar alishajaribu kuchimba kisima mara mbili, na mara zote mbili alipata tope lenye harufu ya yai bovu. Bila chemchemi ile hana ng'ombe, na bila ng'ombe hakuna kilichobaki cha kuitwa Hunsinger pale kilimani.

Burdett akisaini karatasi ya kampuni kama ilivyo, mtambo wa kuchimbia ungeweza kuwekwa hata juu ya chemchemi yenyewe. Na pale juu ndipo penye tambarare. Mtu yeyote mwenye macho angeuweka palepale.

Nyumbani, mkewe Arlene alikuwa anamenya matufaha ya pai. Delmar alimwambia yote akiwa amesimama na koti lake.

"Kwa hiyo nenda kwa Burdett," Arlene akasema. "Ni nusu saa kwa miguu."

"Mimi siongei na Burdett."

"Najua huongei na Burdett. Miaka kumi na mmoja najua. Mtamba mmoja, Del! Mtamba wetu mmoja katoka uzioni akafa, nyie wawili mkanyamaziana kama maaskofu waliogombana."

"Alisema dukani kwamba nawanyima ng'ombe chakula ndiyo maana wanavunja uzio. Mbele ya watu."

"Na wewe ulisema hajui kupigilia msumari."

"Hajui."

Arlene aliweka kisu chini. "Yule wakala alipokuja hapa na ile hati ya baba yako, ulimjibu nini? Nilikuwa bandani na kuku, sikusikia."

Delmar alivua kofia, akaivaa tena. "Nilimwambia nitafikiri."

"Basi hujamwambia kitu."

"Hapa kwetu hiyo ni hapana! Kila mtu anajua."

"Yule ametoka Oklahoma, Del."

Hilo lilimuuma kuliko maneno ya Jeanette, kwa sababu lilikuwa na mzizi. Wiki tatu nyuma wakala yule, kijana mtanashati aitwaye Trent Ogilvy, mwenye viatu visivyowahi kuona samadi, alikaa mezani hapohapo jikoni akafungua nakala ya hati ya mwaka 1957. Baba yake Delmar alipouza zile ekari sitini kwa baba yake Burdett, alibakiza vitu viwili: maji ya chemchemi, na mawe yaliyo chini. Siku hizo watu walichimba mawe ya buluu ya kutandikia njia za mjini, ndiyo maana mzee aliandika hivyo. Lakini Trent alitabasamu akasema, "Bwana Hunsinger, mawe ni kila kilichomo ndani ya mawe. Gesi imo ndani ya mawe. Kilicho chini ya miguu ya Tewksbury ni chako. Saini hapa, yeye hatapata hata senti."

Na Delmar, badala ya kumtoa nje kwa uma wa samadi, alisema atafikiri. Aliikunja karatasi akaitia mfuko wa koti, na ikakaa humo wiki tatu. Hakumwambia Jeanette wala mtu yeyote wa umoja.

"Basi kama huwezi kuongea na Burdett," Arlene akasema, akikishika tena kisu chake, "kaongee na uzio wake."

Alisema kwa kejeli. Lakini Delmar alibaki amesimama pale, na taratibu uso wake ukabadilika.

Huku kwetu uzio wa mpaka una sheria moja ambayo haijaandikwa popote. Majirani wawili husimama katikati ya mpaka, kila mmoja upande wake, wakitazamana. Nusu iliyo mkono wako wa kulia ni yako kuitengeneza maisha yako yote. Iliyo mkono wako wa kushoto ni ya mwenzako, hata kama nyaya zimelala chini na ng'ombe wanapita kama wako gwaride. Kuigusa nusu ya jirani bila kuombwa ni kumwambia kwamba amekuwa mzee, au mvivu, au amekufa na hajui. Kuna watu waligombana wakafika mahakamani kwa kitu hicho.

Jumamosi, baada ya kukamua, Delmar alibeba nyundo, koleo, ndoo ya misumari na robota la seng'enge, akapanda mpaka kwenye gurudumu la chuma la jembe la zamani lililoegeshwa katikati ya mpaka. Alilipita. Akaenda mkono wa kushoto, kwenye nusu ya Burdett, akachagua nguzo inayoonekana vizuri kutoka dirisha la jikoni kwa Burdett, akaanza kupiga nyundo. Alipiga kwa nguvu kuliko msumari ulivyohitaji. Bonde lote lilisikia.

Hakufika nguzo ya nne. Burdett Tewksbury alikuja anapanda mlima akiwa na suruali ya kulalia ndani ya mabuti ya mpira, uso mwekundu kama jogoo. Ana miaka sitini na tisa, mjane, mrefu, mabega yamelegea lakini mdomo haujalegea.

"Weka nyundo chini!"

Delmar akapigilia mwingine.

"Hunsinger! Umekuwa kiziwi? Nusu hiyo ni yangu!"

"Ni yako? Mimi nilidhani haina mwenyewe. Nguzo tatu zimelala."

"Zimelala kwa sababu ng'ombe wako wenye njaa wanaziegemea!"

"Ng'ombe wangu wamenona kuliko wewe."

"Ng'oa hiyo misumari yako. Ing'oe sasa hivi au nitaing'oa na meno nikutemee."

"Meno yapi, Burdett?"

Burdett akasema polepole, na sauti ya polepole ilikuwa mbaya kuliko ile ya kwanza, "Mtu aliyeuza watu hamsini na wawili ana ujasiri wa kusimama kwenye mpaka wangu akafanya utani."

"Sijauza mtu."

"Umesaini."

"Sijasaini."

"Yule kijana aliniambia, Delmar. Aliniambia macho kwa macho. Alisema Hunsinger ameshasaini, na amesaini mpaka kilicho chini ya ekari zangu sitini, kwa ile hati ya 1957. Kasema nikisaini Jumatatu wataniachia kitu kidogo kwa huruma, nikichelewa nitabaki natazama. Kwa huruma! Mimi! Kwenye ardhi ambayo baba yangu aliilipia kwa kukata magogo majira saba ya baridi!"

"Na ukamwamini mtu wa viatu vile ukaacha kuniuliza mimi."

"Nikuulize wewe? Kwa barua? Wewe ukiniona kanisani unahamia kiti cha nyuma!"

Hapo Delmar angeweza kusema mengi, na mengi alikuwa ameyaweka moyoni miaka kumi na mmoja. Badala yake aliingiza mkono mfuko wa koti akatoa karatasi, iliyokunjwa mara nne, yenye doa la maziwa, akainyoosha juu ya seng'enge.

Burdett alitoa miwani mfukoni mwa nguo ya kulalia. Alisoma huku midomo ikicheza. Alisoma mstari wa ekari sitini. Aliuona mstari wa saini mwishoni, na mstari ule ulikuwa mtupu.

"Walikuletea lini?"

"Wiki tatu zimepita."

"Nawe ukawaambia nini?"

"Nikasema nitafikiri."

Burdett alimtazama juu ya miwani, kisha akatoa mlio kati ya kicheko na kikohozi. "Ulimwambia mtu wa Oklahoma utafikiri? Mpumbavu wewe! Si sawa na kumpa kalamu?"

"Nishaambiwa na mke wangu."

"Arlene ana akili. Sijui aliona nini kwako." Burdett aliikunja karatasi kwa mikunjo ileile, lakini hakuirudisha. Kicheko kilikuwa kimeisha. "Sasa nijibu kitu kimoja, na usiangalie mabuti yako ukinijibu. Ulikuwa kweli unafikiri?"

Upepo ulikuwa unapitia kwenye nyasi kavu. Chini yao chemchemi ilisikika ikiingia kwenye bomba. Delmar aliona jibu zuri liko wapi. Lilikuwa neno moja tu, hapana.

"Siku mbili," akasema. "Siku mbili nilifikiri. Nilikumbuka ulichosema dukani kuhusu ng'ombe wangu, nikafikiri itakuwa vizuri kukuona unatazama. Siku ya tatu nilikwenda kusafisha kichujio cha bomba huko juu nikaona aibu. Lakini siku mbili, ndiyo."

Burdett alitema mate pembeni. Uso wake haukulainika hata kidogo.

"Mwongo angesema hakufikiri," akasema mwishowe. "Jumatatu saa tatu na nusu uwe jikoni kwangu. Usije na kitu cha kula, usije na tabasamu. Na usiguse tena uzio wangu."

Akashuka mlima na karatasi mkononi.

Jumatatu Trent Ogilvy aliposimamisha gari lake uani kwa Burdett, alikuta basi la shule la manjano limeegeshwa mbele ya mlango. Huenda alidhani limeharibika. Aliingia na mkoba wake, anafuta viatu kwenye mkeka, ameanza salamu kabla ya kuona nani yupo. Burdett alikuwa kichwani mwa meza. Jeanette Kopko alikuwa dirishani amekunja mikono. Delmar alikuwa amekalia kiti pekee cha wageni.

"Bwana Hunsinger," Trent akasema. "Hii ni furaha ambayo sikuitarajia."

"Siyo furaha," Delmar akasema.

"Rudia uliyoniambia Alhamisi," Burdett akasema. "Yuko hapa. Rudia kwamba amesaini."

Trent hakubabaika, huo ndio ufundi wao. "Mzee wangu, nilisema tumekubaliana kimsingi. Bwana Hunsinger alionyesha nia."

"Ulisema amesaini," akasema Burdett. "Mimi ni mzee wa magoti. Masikio bado."

"Na kwa Wasniewski umesema Burdett amesaini," Jeanette akadakia. "Na kwa kina Loomis umesema Wasniewski amesaini. Jana nimegonga milango kumi na saba. Milango kumi na saba, na kila mlango umewaambia jirani yao ameshawauza. Hata watoto wa basi langu wakidanganya huwa wanabadilisha hadithi kidogo."

Trent alitabasamu, akanyoosha mkono kuvuta kiti, hakikuwepo, akabaki amesimama. "Tuweke hisia pembeni. Kuna suala la kisheria hapa. Hati ya 1957 iko wazi, au haiko wazi, hilo ataamua jaji. Mmoja wenu wawili ndiye mwenye gesi ya ekari zile sitini. Mwingine hana kitu. Kesi kama hiyo inachukua miaka mitano, na mawakili wanakula shamba lote. Anayesaini leo, kampuni inambebea kesi. Asiyesaini..." Akainua mabega.

Alikuwa anamtazama Burdett, kisha Delmar, kisha Burdett, kama mtu anayewarushia mbwa wawili mfupa mmoja. Delmar aliyaona macho yale, na hasira aliyokuwa ameiweka miaka kumi na mmoja ikafunguka, ila haikumwelekea Burdett.

Alisimama. Arlene alipohadithiwa baadaye hakuamini kwamba mumewe alisema yote yale bila kupumzika.

"Ulikaa mezani kwangu," akasema. "Ukala pai ya mke wangu, vipande viwili, ukasema inakukumbusha ya mama yako. Halafu ukatoka hapo ukaenda kusema nimewauza watu niliosoma nao, watu waliobeba jeneza la baba yangu. Mimi dukani wamekataa kuniangalia usoni. Miaka hamsini na saba nimeishi kilimani hapa na hakuna aliyewahi kuniita mwongo, hata huyu mzee aliyeniita mengine yote. Wewe umefanya hivyo kwa wiki tatu. Wala hukuwa na hasira na mimi. Ingekuwa hasira ningeelewa. Ulifanya kwa sababu ni kazi yako ya Jumatatu."

"Bwana Hunsinger, mimi..."

"Sijamaliza. Unataka kujua ni nani mwenye gesi ya hizo ekari? Mwonyeshe, Burdett."

Burdett alisukuma karatasi moja juu ya meza. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya wino kwa mkono wa Jeanette, mistari sita tu, saini mbili na ya shahidi. Ilisema kwamba lolote lililo chini ya ekari zile sitini, liwe jiwe au kilichomo ndani ya jiwe, ni nusu kwa nusu. Kwamba maji ya chemchemi hayaguswi. Na kwamba Hunsinger hasaini bila Tewksbury, wala Tewksbury bila Hunsinger, wala wote wawili bila umoja.

Trent aliisoma mara mbili. Kwa mara ya kwanza uso wake ulionyesha umri wake, na haukuwa mkubwa. "Hii haijapita kwa mwanasheria."

"Itapita leo mchana," Jeanette akasema. "Nina basi."

"Mnajua kampuni inaweza kukizunguka kilima chenu. Mtakaa na heshima yenu na majirani watanunua matrekta mapya."

"Izunguke," akasema Burdett. "Mlango ni huo ulioingilia. Na ufute viatu vyako unapotoka, maana hapa ndani umepachafua."

Gari lake lilipopotea kwenye kona, hakuna aliyecheka. Hakuna aliyempa mwenzake mkono. Burdett aliinuka akamwaga kahawa ya Delmar kwenye sinki kabla hajaimaliza.

"Haya, nendeni. Nina kazi."

Kampuni ilijaribu kuzunguka. Majira yote ya baridi mawakala wengine walipita kwenye milango ya Sorrel, na kila mlango uliwajibu "hapana", kwa neno lenyewe, maana Jeanette alikuwa amepita kabla yao akiwafundisha watu wazima kulitamka. Mwezi Machi wakubwa wa Halden Ridge walikuja wenyewe kwenye ukumbi wa zimamoto, wakakaa kwenye viti vya kukunja mbele ya familia hamsini na tatu. Hatukupata yote tuliyotaka. Bei ilikuwa chini ya tuliyoomba, na barabara yetu waliisaga kwa malori mpaka ikawa unga. Hilo hakuna aliyekumbuka kuliandika, na mpaka leo watu wakipita pale wanatukana. Lakini sharti la maji liliingia likiwa la kwanza kwenye karatasi, kwa herufi nzito. Mtambo uliwekwa mbali, kule kwenye machimbo ya zamani ya mawe, na chemchemi ya juu haikuguswa.

Dukani walimwomba Delmar radhi, kwa jinsi wanavyoombana radhi pale: mtu alimsogezea kiti karibu na jiko, akakataa kuwa amekisogeza. Delmar hakukaa. Alinunua chumvi yake akaondoka. Kuna hasira ambazo mtu ana haki ya kuzimaliza kwa muda wake.

Aprili, theluji ilipoyeyuka, alikuwa anachujia maziwa kwenye tenki aliposikia nyundo huko juu mpakani. Hazikuwa nyundo za kupigilia. Ulikuwa mlio wa misumari inayong'olewa, mmoja mmoja, inapiga kelele ikitoka kwenye mti.

Alipanda mbio na mabuti ya zizini. Burdett alikuwa kwenye nguzo ya tatu. Misumari yote ambayo Delmar aliipigilia vuli ilikuwa imelala kwenye kopo, imenyooka vizuri, na nguzo tatu zilizokuwa zimelala zilikuwa zimesimamishwa upya.

"Hiyo seng'enge ilikuwa imekaza!" Delmar akafoka. "Unang'oa kazi nzuri!"

"Ilikuwa imepinda," Burdett akasema, na hakugeuka. "Na iko kwenye nusu yangu."

"Misumari ni yangu!"

"Chukua misumari yako. Kopo hilo hapo."

Delmar alilinyakua kopo. Alikuwa ameshageuka kuondoka, anatukana kwa sauti ya chini, alipofika kwenye gurudumu la chuma. Burdett naye alikuja mpaka pale, upande wake, akasimama. Walitazamana, kwa mara ya kwanza mahali hapo katika miaka kumi na mmoja, na hakuna uso hata mmoja uliokuwa na urafiki.

Burdett aliinua nyundo yake, akaonyesha nayo upande wa kulia wa Delmar. Waya wa juu ulikuwa umekatika baina ya nguzo mbili, unaning'inia mpaka kwenye nyasi.

Nusu hiyo ilikuwa ya Delmar.

Delmar aliutazama waya ule. Masikio yakamwaka moto. Kisha akachagua msumari kwenye kopo, akauweka kati ya meno, akaenda kutengeneza nusu yake.